Dirisha la Salfeti

Juni ya Umalila haina mzaha.
Alfajiri sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama unga uliomwagwa na mtu mwenye haraka,
nami niko barabarani, magunia mawili nyuma,
magoti yangu si yangu tena.

Sekela aliniona jioni nikishindwa kuyakunja jikoni.
Hakusema neno.
Alichukua salfeti ya mbolea,
akaifua mara tatu mpaka ikaacha kunuka,
akaipinda kwa uzi wa kushonea lumbesa,
akaifunga mbele ya pikipiki,
kutoka chini ya taa hadi kukaribia tairi.
"Sasa huo upepo ukapige hodi kwingine."

Na kweli ulipiga hodi, haukuingia.
Wiki nzima nilishuka Mbalizi na kupanda
miguu ikiwa na joto la mtoto wa mgongoni.
Sikujua kuna mwenzangu
aliyekuwa akiishi kwa upepo uleule.

Ijumaa, mlima wa pili, gia ya kwanza,
nikasikia harufu ya rangi inayoungua.
Kisha nguvu ikaanza kupotea
kama mtu anayesahau alichokuwa akisimulia.
Injini ikazima.
Kimya, na ndani ya kimya: tik, tik, tik,
chuma kikihesabu madeni yake.

Mkono ulishafika kwenye kizibo cha chupa ya maji
niliposikia sauti ya fundi Nzowa, ambaye hakuwepo:
"Haya, kimwagie maji chungu kilichotoka motoni,
uone kama utapika tena humo."
Maji nikayanywa mwenyewe.

Nikakaa ukingoni, pembeni ya shamba la pareto,
nikaitazama silinda kama unavyotazama uso wa mtu
uliyekaa naye miaka bila kumuuliza kwao ni wapi.
Mapezi yale, nilidhani ni urembo wa kiwandani.
Kumbe ni mbavu, zimetolewa nje zipate kupumua.
Hakuna rejeta. Hakuna feni.
Kuna upepo tu, tena ule wa kukutana nao uso kwa uso;
wa kisogoni mnafuatana tu,
mnafika wote hamjapeana kitu.
Na katikati ya mapezi, tope la Jumatatu
limekauka kama tofali la kuchoma,
na mbele ya tope, mlango wa Sekela,
maandishi yake bado yanasomeka:
KILO 50. USITUMIE NDOANO.

Nilichonga kijiti cha mwanzi,
nikakwangua pezi moja, pezi jingine,
kwa subira ya mtu anayemtoa mtoto funza.
Kisha nikatoa kisu.
Nilikishika muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.
Zile mishono zilikuwa ndogo, zimelingana,
zimeshonwa usiku, kwa tochi ya simu.

Jioni aliliona tundu kabla sijashuka.
Nikaanza kujieleza: mapezi, mzigo, mlima.
Akanyoosha kiganja karibu na silinda, hakugusa,
akakaa nacho hapo.
"Kwa hiyo," akasema,
"mgonjwa ana homa, sisi tunamfunika blanketi."
Akaenda kuleta sindano.
Akapinda kingo za tundu pande zote nne,
lisije likafumuka.

Sasa baridi inapita dirishani,
goti la kushoto linaniuma kila nikivuka mto.
Oili naiangalia kabla ya chai.
Na kwenye ule mlima wa pili nasimama,
naizima kabisa, maana kuunguruma umesimama
ni kuchochea moto bila kuupuliza nje,
naigeuza pua kunakotoka upepo,
nakaa kwenye jiwe langu.

Vijana wa Ilembo wananipita, wamejikunyata,
wamejifunika maturubai hadi kidevuni.
"Mzee, mafuta yamekata?"
Nawaambia, yapo.
Inapunga upepo.